Homa Iliyowangoja Wageni

Tarehe 27 Februari 1905, katika mji wa Kasongo, mashariki ya Kongo, alifariki daktari Mwingereza mwenye umri wa miaka 30, Joseph Everett Dutton. Mwezi wa Juni mwaka huohuo akafariki nyumbani kwake Shangani, Unguja, mzee Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye bara zima lilimjua kwa lakabu ya Tippu Tip. Hawa wawili hawakuwa na ujamaa wala biashara pamoja. Lakini Kasongo ilikuwa makao ya Tippu Tip kabla haijawa ya Wabelgiji, na Dutton alikuwa akiichunguza homa iliyojikalia katika njia zilezile zilizofunguliwa kwa mtaji wa Unguja. Aliijua, akaieleza, nayo ikamuua.

Homa hiyo ni homa ya papasi. Msomaji wa Mjini akisikia papasi huenda akawaza kwanza vijana wa bandarini wanaowaandama watalii na mabegi yao. Hapa namsema mdudu mwenyewe. Ni jamaa wa kupe, ila hana gamba gumu kama la kupe wa ng'ombe. Ngozi yake ni ya hudhurungi iliyofifia, imekunjamana, hana macho, na akiwa na njaa huwa bapa kiasi cha kupenya katika ufa mwembamba kabisa wa ukuta. Mchana hujificha ndani ya vumbi la sakafu, katika nyufa za udongo, chini ya mkeka au kwenye maungio ya kitanda. Usiku hutoka, akamfuata aliyelala, akanyonya kwa nusu saa hivi, mara nyingine zaidi, kisha akajiangusha na kurudi mafichoni kabla mtu hajaamka. Anaposhiba hutoa majimaji kutoka kwenye tezi zilizo karibu na mashina ya miguu yake, na majimaji hayo, pamoja na mate yake, ndiyo yanayobeba kijidudu cha homa. Anaweza kukaa miaka bila kula. Nyumba huhamwa, masika hupita, msafara mwingine huja, naye yupo palepale.

Unguja yenyewe haikupata sifa mbaya kwa homa hii. Yaliyoutisha Mji katika karne ya 19 yalikuwa ndui na kipindupindu, kama kile cha 1869 na 1870 ambacho Dk. James Christie, aliyekuwa akitibu Mjini, alikiandikia kitabu kizima. Na malaria ilikuwapo siku zote. Sakafu ya chokaa iliyopigwa ikalainishwa, kama zilivyokuwa sakafu za nyumba za mawe za Shangani na Forodhani, haimpi papasi pa kujificha. Sehemu ya Mji katika habari hii ni nyingine. Mji ulipeleka watu.

Walipelekwa kwa ajili ya pembe za ndovu. Fedha zilitoka Mjini, kwa matajiri kama Tharia Topan, ambaye alimkopesha Tippu Tip bidhaa za kwenda nazo bara. Vitambaa, shanga na waya vilivushwa kwa majahazi hadi Bagamoyo, na huko Bagamoyo wakawapo mawakala kama Sewa Haji Paroo, waliopanga wapagazi kwa mamia. Kutoka pwani hadi Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, wasafiri Waingereza Burton na Speke walitumia siku 134 mwaka 1857. Misafara ya wenye uzoefu ilikwenda upesi zaidi, lakini hata hiyo ilihesabu miezi, na kila siku ya miezi hiyo iliisha kwa swali moja: leo tunalala wapi?

Hapo ndipo papasi anapoingia. Msafara haukujenga upya kila jioni. Palipokuwa na maji palikuwa na kambi, na katika kambi palikuwa na mabanda ya nyasi na miti yaliyoachwa na waliotangulia. Anayefika amechoka, mabega yamechubuka kwa mzigo, haanzi kukata miti wakati banda lipo. Ndani yake sakafu ni vumbi lililokanyagwa na mamia ya miguu. Ugogo na Unyamwezi kulikuwa na tembe, nyumba za udongo zenye paa bapa na giza ndani, joto wakati wa baridi, salama kwa mvua. Tembe ni nyumba nzuri kwa mtu na nzuri vilevile kwa papasi. Aidha papasi hatembei mbali kwa miguu yake, bali husafirishwa: ndani ya mkeka uliokunjwa, ndani ya furushi la nguo, katika matandiko. Mpagazi aliyelala kituo kimoja aliweza kumshusha kituo cha kumi. Njia ya pembe iligeuka kuwa mlolongo wa vituo ambavyo kila kimoja kilikuwa na papasi wanaolishwa mara kwa mara na watu wapya.

Na watu hao hawakuwa wa namna moja. Wengine walikuwa waungwana wa pwani na visiwani, walioandikishwa Unguja au Bagamoyo. Wengine walikuwa Wanyamwezi, ambao kubeba mzigo hadi pwani ilikuwa kazi ya ujanani, karibu sawa na jando. Mnyamwezi aliyekulia katika tembe alikwishaumwa na papasi tangu angali mgongoni mwa mama yake. Kijana wa Unguja alikuwa anaumwa kwa mara ya kwanza maishani, tena akiwa na njaa na mzigo begani. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone; katika kambi hizi mgeni alikuja, akaugua yeye, na mwenyeji akamtazama kwa mshangao kwa jinsi kitu kidogo kama kile kilivyomwangusha.

David Livingstone aliligusia jambo hili mapema. Katika kitabu chake cha safari kilichotoka mwaka 1857 anaeleza jinsi alivyoumwa na papasi huko Ambaca, Angola: mwasho uliochanganyika na maumivu unapanda kutoka kwenye jeraha, na kwa baadhi ya watu unafuatiwa na kutapika na kuharisha. Baadaye, alipofika Tete kwenye mto Zambezi, Wareno walimweleza kwamba mahali ambapo dalili hizo hazitokei huja homa, na kwamba wapo waliokufa kwayo. Jambo lililomgusa ni kwamba wenyeji wake wa Tete walihangaika sana kuwaweka watu wake, wapagazi waliotoka mbali naye, wasifikiwe na papasi wa mji ule. Wao wenyewe waliishi nao. Walichokihofia ni miili ya wageni. Hiyo ni elimu kamili ya tiba, ingawa haikuwa imeandikwa na daktari yeyote.

Katika vitabu vya safari za wakati ule, kila mtu anaugua homa, na homa zote ni moja. Anatetemeka, anatoka jasho, anapata nafuu, anaendelea na safari, baada ya wiki anaanguka tena. Nani angeitofautisha na malaria? Ulaya, hata hivyo, homa inayorudi ilikuwa inajulikana, ile inayoenezwa na chawa katika miji yenye njaa. Mwaka 1868 Otto Obermeier, daktari kijana wa Berlin, aliona katika damu ya wagonjwa vijidudu vyembamba vilivyojisokota, vikiyumba kati ya chembe nyekundu. Alivitangaza mwaka 1873, na mwaka huohuo akafa kwa kipindupindu. Mwaka 1874 huko Odessa Grigory Minkh alijichoma mwenyewe damu ya mgonjwa, akaugua, akathibitisha kwamba maradhi yamo damuni. Na mwaka 1896 Mrusi mwingine, Gabrichevsky, alionyesha kwamba seramu ya mtu aliyepona inaviua vijidudu hivyo. Mwili, basi, una silaha yake. Lakini kama damu ya aliyepona inaua vijidudu, kwa nini homa hurudi baada ya wiki? Swali hilo lilibaki bila jibu kwa zaidi ya miaka 80.

Mwaka 1904 mambo yalikwenda mbio. Nchini Uganda, Philip Ross na Arthur Milne waliviona vijidudu vya aina ileile katika damu ya watu waliokuwa wakiitwa wagonjwa wa homa ya kupe. Kongo, Dutton na mwenzake John Todd, waliotumwa na Shule ya Tiba ya Kitropiki ya Liverpool, walikuwa wakisafiri kukagua malale. Dutton alikuwa tayari na jina: ndiye aliyekitambua kijidudu cha malale ya binadamu katika damu ya mgonjwa nchini Gambia. Walipofika Stanley Falls, Kisangani ya leo, walianza kuwanyonyesha papasi damu ya wagonjwa, kisha wakawaachia wawaume nyani. Nyani wakaugua. Wakaona jambo jingine la ajabu zaidi: hata watoto wa papasi, walioanguliwa kutoka kwenye mayai na hawajawahi kumnyonya mtu mgonjwa, waliweza kuambukiza.

Stanley Falls nayo haikuwa pori lisilo na historia. Mwezi wa Februari 1887, hapa Unguja, Tippu Tip alitia saini mapatano na Henry Stanley kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, akawa liwali wa Stanley Falls. Miaka sita baadaye majeshi ya Leopold yakaiteka Kasongo. Mahame ya mji wa zamani yakaachwa na jina la Tongoni, na kituo cha Wabelgiji kikahamishiwa kwingine, lakini lugha ya mji ilibaki Kiswahili, misikiti ilibaki, na njia zilibaki. Dutton na Todd walifuata njia hizo. Waliona kwamba papasi wanakutwa hasa pale watu wanapopita na kulala. Wote wawili waliambukizwa. Todd aliishi, na ndiye aliyepeleka Liverpool matokeo ya kazi yao. Dutton alizikwa Kasongo. Mwaka uliofuata kijidudu kilipewa jina lake, na hadi leo kinaitwa Borrelia duttonii.

Wakati Dutton anakufa, Robert Koch alikuwa ameshafika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Koch huyu alikuwa mtu mashuhuri kuliko madaktari wote wa zama zake, aliyekitambua kijidudu cha kifua kikuu, na Desemba ya mwaka huohuo angepewa Tuzo ya Nobel. Hakuwa na habari ya kazi ya wale wawili, nao hawakuwa na habari yake. Alisafiri kwa njia ya misafara kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro hadi nyanda za Iringa, akichimbua vumbi la mabanda kituo baada ya kituo na kuwapasua papasi mmoja mmoja chini ya darubini. Aliyapasua hata mayai yao, akavikuta vijidudu vimejikusanya ndani. Huko Amani, katika milima ya Usambara, aliwaweka papasi wadogo juu ya nyani, na nyani wakapata homa.

Lakini jambo la Koch ninaloliona kubwa kuliko yote ni dogo kulitamka. Alitoka nje ya njia kuu. Aliingia katika vijiji ambavyo misafara haikupita, akawakuta papasi humo pia, wengine wakiwa na vijidudu, na wenyeji hawana habari ya ugonjwa. Papasi, kwa hiyo, hawakuwa mzigo wa misafara peke yake. Walikuwapo. Kilicholetwa na misafara kilikuwa ni watu wasiowahi kuumwa. Koch alihitimisha kwamba wenyeji huambukizwa utotoni, anayepona hubaki na kinga, na kuumwa tena na tena huiweka kinga hiyo hai. Kisha akatoa ushauri wake: msafiri asilale ndani ya mabanda ya njiani wala nyumba za vijijini, apige hema mbali kidogo, kwa sababu papasi hatembei mbali. Ulikuwa ushauri sahihi, na ulikuwa ushauri wa mwenye hema. Mpagazi aliyelibeba hilo hema alirudi kulala bandani.

Vita vya kwanza vya dunia viliirudia hadithi hiyo kwa ukubwa mwingine. Mamia ya maelfu ya wapagazi na askari, kutoka Uhindi, Nigeria, Afrika Kusini na pande zote za Afrika Mashariki, walipitishwa katika vituo na mabanda ya zamani, na homa ya papasi ikawa miongoni mwa maradhi ya kawaida ya vita hivyo. Unguja ilitoa watu wake. Mwaka 1916 askofu wa Kianglikana wa Zanzibar, Frank Weston, mwenyewe aliwaandikisha wapagazi wa kisiwani na akaandamana nao bara akiwa na cheo cha meja. Walishukia kulekule walikoshukia babu zao.

Sasa nirudi kwenye swali la kwa nini homa hurudi, maana ndilo linaloeleza yote yaliyowapata watu hawa.

Papasi akishamuuma mtu, kwa kawaida wiki moja hivi hupita bila dalili. Kijidudu kinazaana kimyakimya katika damu. Kisha homa inakuja ghafla, nyuzi 39, 40 au zaidi, kichwa kinagonga, viungo vinauma, bandama inavimba, mara nyingine macho yanakuwa ya manjano. Tone moja la damu chini ya darubini wakati huo huwa na vijidudu vingi hata huhitaji kuvitafuta. Vinajionyesha vyenyewe kwa kuzisukuma chembe nyekundu huku na huku. Vingine hujifunika kwa chembe hizo, zikajikusanya kuvizunguka, na makundi hayo yanaweza kuziba mishipa midogo ya damu. Baada ya siku tatu au nne mwili unajibu. Bandama na mfumo wake wa seli nyeupe vinamwaga kingamwili, hasa zile kubwa za kundi la IgM ambazo mwili huzitengeneza kwanza kabla ya nyingine zote. Kingamwili zinanasa kwenye ngozi ya kijidudu na kukiua. Kinachofanya kingamwili hizi ziwe za pekee ni kwamba zinaweza kukiua Borrelia hata bila msaada wa zile protini za damu ambazo kwa kawaida ndizo humalizia kazi. Vijidudu vinakufa kwa mamilioni ndani ya saa chache. Mgonjwa anatetemeka, joto linapanda kwa mara ya mwisho, kisha linaporomoka, jasho linalowesha mkeka, naye anaamka mnyonge lakini mzima. Anaomba uji.

Wiki moja baadaye yumo kitandani tena. Na tena. Homa ya chawa hurudi mara chache, lakini hii ya papasi imejulikana kurudi hata mara kumi kwa mtu asiyetibiwa, ingawa kila mara kwa kawaida huwa nyepesi kuliko iliyotangulia.

Jibu lilipatikana kwa mzunguko mrefu ambao sehemu yake ilipita hapa kwetu. Mwaka 1949 Rudolf Geigy, mtaalamu wa wanyama kutoka Basel, Uswisi, alifika Ifakara, na mwaka 1957 ikaanzishwa hapo maabara ambayo leo ni Taasisi ya Afya ya Ifakara, yenye tawi Bagamoyo, mwisho wa njia ya pembe. Geigy alivutiwa sana na papasi. Mwanafunzi wake mmoja huko Basel, Willy Burgdorfer, aliandika tasnifu yake ya udaktari juu ya njia ambayo kijidudu cha Dutton kinapita ndani ya mwili wa papasi, kutoka tumboni hadi tezi za mate. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Burgdorfer alihamia maabara ya Rocky Mountain huko Hamilton, Montana, nchini Marekani. Wengi wanamkumbuka kwa sababu nyingine, kwani ndiye aliyekigundua kijidudu cha ugonjwa wa Lyme. Lakini ni katika maabara hiyohiyo, mwaka 1982, ambapo Stoenner na wenzake wawili walichukua Borrelia ya Marekani, ndugu wa ile ya kwetu, wakampandikizia panya kijidudu kimoja tu. Kutokana na kimoja hicho zilizaliwa aina 24 zilizotofautiana kwa ngozi ya nje.

Kijidudu kina kabati la kanzu. Katika kila wakati huvaa moja tu, yaani protini moja inayofunika mwili wake wote wa nje, na nakala za nyingine nyingi zimehifadhiwa katika vinasaba vyake zikiwa zimenyamaza. Mara moja katika vizazi elfu moja hadi elfu kumi hivi, nakala mojawapo iliyonyamaza inanakiliwa mahali pa kuvaliwa na ile ya zamani inavuliwa. Kingamwili zinapokuja zinaitambua kanzu ya zamani. Zinawaua wote walioivaa na kuwaacha wale wachache waliokwisha badilisha. Hao wanazaana kwa wiki moja mpaka wanajaza damu, mwili unajifunza kanzu mpya, unatengeneza kingamwili nyingine, na vita vinaanza upya. Gabrichevsky alikuwa sahihi, na homa ilirudi palepale.

Ndiyo maana mtoto wa tembe na kijana wa Unguja hawakuugua sawa. Mwili wa mwenyeji ulikuwa umekwisha kutana na kanzu nyingi za papasi wa kijijini kwake. Uchunguzi wa panya uliochapishwa mwaka 2004 umeonyesha kwamba kundi maalumu la seli nyeupe ziitwazo seli B linaweza kubaki na kumbukumbu hiyo kwa muda mrefu bila kuhitaji msaada wa seli T, ambazo kinga ya magonjwa mengi huzitegemea. Lakini kumbukumbu hii ina mipaka miwili. Ni ya mahali, kwa sababu papasi wa kwingine wanaweza kuwa na kijidudu chenye kabati tofauti. Na huchakaa mtu asipoumwa tena. Mnyamwezi aliyekaa pwani miaka mingi hakuweza kuhakikishiwa kwamba atarudi nyumbani akiwa na kinga aliyoondoka nayo.

Tena kuna pembe za mwili ambazo kingamwili hazifiki vizuri. Watafiti wa Umeå, Uswidi, mwaka 2006 walieleza kwamba katika panya, Borrelia duttonii ilibaki ndani ya ubongo baada ya damu kuwa safi kabisa. Na kuna wakati ambapo kinga ya mwenyeji haitoshi, hata kama amezaliwa palepale: wakati wa ujauzito. Mama hupata homa kali zaidi, mimba inaweza kuharibika au mtoto akazaliwa kabla ya siku zake, na kijidudu kinaweza kupita kwenye kondo la nyuma, mtoto akazaliwa na maradhi tayari. Anayelipa gharama ya kinga ya kijiji ni mtoto mchanga na mama mjamzito. Koch aliona watu wazima wasiougua, akaita hali hiyo kinga. Hakukaa muda wa kutosha kuhesabu makaburi madogo.

Waliohesabu ni madaktari wa hospitali za vijijini. Hospitali ya Mvumi, Dodoma, katikati ya Ugogo wa tembe, iliwatibu wagonjwa wa homa ya papasi miaka nenda miaka rudi. Katika miaka ya 1990 watafiti walipulizia dawa nyumba zenye papasi katika eneo hilo, na homa kwa watoto wa chini ya miaka mitano ikapungua. Mwaka 2003 William Kisinza wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kituo cha Amani, pamoja na wenzake waliripoti kwamba kwa vipimo vya vinasaba Borrelia ilikutwa katika damu ya watoto wenye homa na pia ya watu wasio na homa yoyote. Mwili ulikuwa umeiweka chini bila kuimaliza. Miaka minne baadaye alama zake zikakutwa katika damu ya kuku na nguruwe wa vijiji hivyo, wakati kwa karne nzima ilidhaniwa kwamba mtu peke yake ndiye anayeihifadhi. Tangu hapo mabati na saruji vimeenea Dodoma, na papasi amepungua pamoja na tembe.

Unguja ya leo imekuwa kisiwa cha wageni wa namna nyingine. Boti za kutoka Dar es Salaam hushusha kila siku vijana wa bara wanaokuja kujenga hoteli za Nungwi na Paje, kuuza duka Darajani, kufanya kazi za ulinzi. Wengine wametoka Dodoma, Singida na Tabora, na wanarudi makwao wakati wa mavuno au msiba. Malaria, iliyokuwa ikificha kila homa nyingine, imeshuka kisiwani hadi kuwa na maambukizi kwa watu chini ya asilimia moja tangu vyandarua na dawa mseto vilipoenea katika miaka ya 2000. Utafiti uliofanywa kwa watoto wenye homa katika hospitali ya Kivunge, Unguja Kaskazini, mwaka 2011 ulikuta kwamba wengi wao walikuwa na virusi vya njia ya hewa, si malaria.

Kipimo cha haraka cha malaria, kile cha tone la damu kidoleni na mistari miwili, hutafuta malaria tu. Mtaalamu wa maabara wa zamani aliyesoma slaidi kwa darubini alikuwa na bahati ya kukiona kijidudu cha papasi hata kama hakukitafuta, kwa kuwa slaidi ni ileile. Sasa kijana aliyetoka kumzika babu yake Mpwapwa, akalala wiki moja kwenye nyumba ya udongo, akarudi Mjini, anapata homa, kipimo kinasema hana malaria, homa inashuka yenyewe siku ya nne, naye anarudi kazini. Wiki ijayo yupo tena kwenye benchi la zahanati. Tabibu anayemuuliza alilala wapi nusu mwezi uliopita, kisha akaagiza slaidi wakati joto limepanda, ana nafasi kubwa ya kuutambua ugonjwa. Doksisaiklini au penisilini hutosha kuutibu, lakini mgonjwa asiachwe aende zake palepale: katika saa za kwanza baada ya dawa, vijidudu vinapokufa kwa pamoja, joto hupanda sana, mwili hutetemeka na shinikizo la damu linaweza kushuka ghafla, kwa hiyo hulazwa na kuangaliwa mpaka jasho limtoke.